Lenzi za zamani kwenye kamera ya kisasa: mwongozo kamili, kuanzia kuichagua hadi kuvuta fokasi kwa mkono

Kwenye makabati ya studio zilizofungwa na masanduku ya wazee waliopiga harusi na picha za pasipoti enzi za filamu, bado kuna lenzi nzuri zimelala. Pentax, Yashica, Minolta, Canon FD, Nikkor, na zile nzito za Kirusi zilizokuja na kamera za Zenit. Nyingi zina apecha (tundu la kupitisha mwanga; namba ndogo, tundu kubwa) ya f/2, f/1.8, hata f/1.4, kitu ambacho kwenye lenzi mpya ya oto unakilipia pesa ya maana. Lenzi ya kawaida inayokuja na kamera dukani, ukiivuta hadi milimita 50, mara nyingi inaishia f/5 au f/5.6. Kutoka f/5.6 hadi f/2 ni stopu tatu, kila stopu ni mwanga mara mbili, yaani jumla mwanga mara nane. Ukumbini saa mbili usiku, hiyo ni tofauti ya ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 6400 na ISO 800.

Mfano wangu mkuu humu ni Helios 44-2, milimita 58, f/2. Asili yake ni Biotar ya kampuni ya Carl Zeiss Jena ya Ujerumani, ambayo Wasovieti waliichukua baada ya vita kuu ya pili na kuitengeneza kwa wingi Krasnogorsk karibu na Moscow, na baadaye Minsk na Valdai. Naichagua kwa sababu bei yake ni ndogo, imezagaa, na ina tabia zote za lenzi za zamani, njema na mbaya.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo moja: kamera yako haitajua kwamba imefungwa lenzi. Lenzi ya kisasa ina pini za umeme zinazoiambia kamera mimi ni nani, urefu wangu ni milimita ngapi, apecha yangu iko wapi. Lenzi ya mwaka 1975 haisemi chochote. Karibu kila usumbufu utakaokutana nao, shata kugoma, picha kutikisika, mwanga kuzidi, unatokea hapo. Kazi zote ambazo kamera na lenzi zilikuwa zinapanga zenyewe kimyakimya, sasa ni zako.

Hatua ya 1: Angalia kamera yako inakubali nini

Kila aina ya lenzi ilitengenezwa ikae umbali maalumu kutoka kwenye filamu. Umbali huo, kuanzia uso wa maunti (pale lenzi inapofungwa kwenye kamera) hadi kwenye filamu au sensa, ndio unaoamua kila kitu. Lenzi ikikaa mbali zaidi ya ilivyokusudiwa, haitaweza kufokasi vitu vya mbali. Ndiyo maana adapta inawezekana tu pale ambapo kamera ina umbali mfupi kuliko lenzi: adapta inajaza pengo.

Namba zenyewe ni hizi. Lenzi za skrubu za M42, ambamo Helios na Takumar za Pentax nyingi zimo, zinataka milimita 45.46. Pentax K ni hiyohiyo 45.46. Nikon F ni 46.5, Olympus OM 46, Contax na Yashica 45.5, Minolta MD 43.5, Canon FD 42. Upande wa kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani, ambazo wengi tunaziita mirolesi: Sony E ni 18, Fujifilm X 17.7, Canon RF 20, Nikon Z 16, na Micro Four Thirds karibu 19.25. Kwa hiyo mwenye mirolesi ana nafasi ya kutosha kufunga karibu kila lenzi ya kamera ya filamu iliyowahi kutengenezwa. Kama ndiyo unayo, ruka hadi hatua ya pili.

Mwenye DSLR, yaani kamera ya dijitali yenye kioo cha kuakisi ndani, asome kwa makini. Canon EOS ina umbali wa milimita 44, kwa hiyo inapokea M42, Nikon F, Olympus OM na Contax/Yashica kwa adapta nyembamba isiyo na kioo cha lenzi ndani yake. Cha ajabu, haipokei lenzi za Canon yenyewe za kabla ya 1987. FD inataka 42, na Canon walipoleta EOS mwaka huo waliziacha nyuma. Ukikuta FD nzuri na una Canon DSLR, iache, au isubiri siku utakayonunua Canon ya RF.

Angalizo kwa wenye Canon DSLR za fremu nzima (sensa yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35), kama 5D: baadhi ya lenzi za M42 zinachomoza nyuma na kugongana na kioo cha kamera pale unapozungusha fokasi hadi alama ya mbali kabisa, ile ya ∞. Jaribu kwanza ukiwa unatazama kwa skrini, maana hapo kioo kimeshanyanyuka, kisha piga picha moja moja ukianzia fokasi ya karibu na kusogea mbali taratibu. Ukisikia mlio usio wa kawaida, simama.

Nikon DSLR ndiyo yenye masharti mengi. Umbali wake wa 46.5 ni mrefu, kwa hiyo M42 haifiki mbali: kwa adapta tupu fokasi inakomea mita chache, na adapta yenye kioo cha kurekebisha inaharibu ukali wa picha. Ushauri wangu ni kutumia Nikkor za zamani zenyewe. Hapa napo pana mtego. Lenzi za kabla ya 1977 ambazo hazijafanyiwa marekebisho ya AI (mfumo wa Nikon wa lenzi kuieleza kamera apecha yake) zinaweza kuvunja kidude kidogo kilichopo pembeni mwa maunti ya kamera kama D7000 au D750. Lenzi ya AI utaitambua kwa safu mbili za namba za apecha, moja kubwa na nyingine ndogo sana karibu na maunti. Kamera ndogo za D3000 na D5000 hazina kidude hicho, kwa hiyo zinapokea hata zile za zamani kabisa bila kudhurika, ila hazitakupimia mwanga.

Pentax DSLR hawana shida: lenzi za K zinaingia moja kwa moja, na M42 kwa pete nyembamba inayozama ndani ya maunti.

Jambo la mwisho ni ukubwa wa sensa. Kwenye sensa ya APS-C, ambayo ni ndogo kuliko fremu nzima, lenzi ya 50 inaona eneo dogo kama vile ingekuwa ya 75, au 80 kwa Canon. Kwenye Micro Four Thirds, yenye sensa ndogo zaidi, inaona kama 100. Lenzi haijabadilika, ila kingo za picha zimekatwa. Ukiwa na APS-C na unataka lenzi ya matembezi, tafuta ya 28 au 35 badala ya 50.

Hatua ya 2: Chagua lenzi ya kwanza

Anza na 50 au 55 ya f/1.8 au f/2 ya kampuni yoyote kubwa. Zilikuwa ndizo lenzi za kawaida zilizouzwa pamoja na kamera, kwa hiyo zipo nyingi na bei iko chini, na usanifu wake ulikuwa umeshaiva kufikia miaka ya sabini. Pentax 50 f/2 iliyokaa mbele ya kamera ya filamu ya K1000 haina jina mtandaoni, hakuna anayeiimba, na inapiga picha safi. Watu wanakimbilia lenzi zenye sifa, wanalipa mara tatu, wakati hawajajua hata kama watapenda kuzungusha pete kwa mkono.

Ikikukolea, ongeza 28 f/2.8 na 135 f/2.8 au f/3.5. Zumu za zamani ziache. Zile za 80-200 na 70-210 zilizojaa masokoni, nyingi ni nzito na picha zake zimefifia ukilinganisha na zumu yoyote ya leo.

Maandishi ya mbele yanasomeka hivi: "1:2 58" maana yake apecha kubwa kabisa ni f/2 na urefu ni milimita 58. Kwa lenzi za Kirusi, tarakimu mbili za mwanzo za namba ya mfululizo kwa kawaida ni mwaka: 78 mbele, imetoka kiwandani 1978.

Hatua ya 3: Ikague kabla hujatoa hela

Hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Lenzi inang'aa nje, chuma kimefutwa vizuri, muuzaji anasema ilikuwa ya babu. Wewe toa tochi ya simu.

Fungua apecha hadi namba ndogo kabisa, yaani tundu kubwa. Shika lenzi, tochi iwe upande mmoja na jicho lako upande wa pili, lakini usitazame mwanga moja kwa moja. Inamisha tochi pembeni kidogo, kama nyuzi thelathini, ili mwanga uingie kwa ubavu. Sasa zungusha lenzi polepole. Vumbi litaonekana kama nyota chache, nalo lisikutishe, kila lenzi ya miaka arobaini inalo na halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni vitu vingine.

Cha kwanza ni fangasi. Ina umbo la nyuzi nyembamba zenye matawi, kama utando wa buibui, mara nyingi ikianzia ukingoni mwa kioo kuelekea katikati. Mtu wa Mombasa, Tanga, Dar au Unguja aitarajie, maana unyevu wa pwani ndio chakula chake. Uzi mmoja pembeni hauonekani kwenye picha, lakini fangasi iliyokaa miaka inatoa tindikali inayokula ule utando wa rangi juu ya kioo, na hata fundi akisafisha, alama inabaki. Kama imefunika robo ya kioo, rudisha.

Cha pili ni ukungu mweupe unaoenea kioo kizima, ambao ukitazama bila tochi huuoni kabisa. Huo unaua utofauti wa giza na mwanga, na picha zote zitatoka kama umepiga kupitia moshi. Wakati mwingine ni mvuke wa grisi na fundi anaufuta kwa dakika chache. Wakati mwingine ni kioo chenyewe kimechoka, na hakuna dawa. Kwa macho tu huwezi kutofautisha, kwa hiyo lipa bei ya lenzi mbovu au achana nayo.

Cha tatu ni vibapa vya apecha. Zungusha pete kutoka tundu kubwa hadi dogo ukitazama ndani. Vinatakiwa kufunga na kufungua mara moja, na viwe vikavu. Mafuta juu yake yanaonekana kama mng'ao wa petroli. Kwenye Helios 44-2 mafuta hayana madhara makubwa kwa kuwa vibapa vinasukumwa na mkono wako, lakini kwenye lenzi ambazo kamera ndiyo inafunga vibapa kwa haraka, kama Nikkor kwenye Nikon, mafuta yanavichelewesha na picha inatoka na mwanga uliozidi.

Kisha zungusha pete ya fokasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Iwe laini na nzito kidogo, bila kukwama wala kuchezacheza. Grisi iliyokauka inafanya pete iwe ngumu kama imegandishwa, na fundi anaweza kuibadilisha, lakini awe fundi wa lenzi kwelikweli. Ile nyuzi ya skrubu ya ndani inayosogeza lenzi ina sehemu nyingi za kuanzia, na akikosea moja wakati wa kurudisha, lenzi haitafokasi mbali tena.

Takumar 50 f/1.4 inahitaji neno lake. Baadhi ya matoleo yana kioo chenye thori, madini yenye mionzi, na baada ya miaka kioo hicho kinageuka njano kama chai ya rangi. Kuitumia hakuna hatari ya kuogopesha, mradi usiivunje na kusaga vipande. Njano inapungua ukiiweka kwenye mwanga wa urujuanimno. Taa ndogo ya namna hiyo inafanya kazi kwa siku kadhaa, na jua la dirishani nalo linasaidia. Ukitumia jua, funika upande wa pili kwa karatasi ya foili na uiweke pasipo kitu cha kuungua nyuma yake, maana lenzi ni lenzi, inawasha moto.

Hatua ya 4: Adapta

Kwa mirolesi, adapta ni bomba la chuma tu, halina umeme wala kioo. Za bei nafuu zinatosha. Angalia vitu viwili: isitikisike ikishafungwa, na ndani iwe nyeusi isiyong'aa. Ikiwa inang'aa, mwanga unarukaruka humo na picha inafifia. Rangi nyeusi ya mati ya dukani inamaliza tatizo hilo.

Nyingi zinatengenezwa fupi kidogo makusudi, ili lenzi isikose kufika mbali. Matokeo yake ni kwamba ukizungusha pete hadi mwisho kabisa, umeshapita mbali na mlima hauko kwenye fokasi. Usiamini kikomo cha pete. Fokasi kwa jicho hata kwa vitu vya mbali.

Lenzi za M42 za oto zina pini ndogo nyuma inayofunga apecha. Kama lenzi ina swichi ya A na M, weka M. Kama haina swichi, mfano Helios 44M-4, nunua adapta yenye ukingo wa ndani unaoisukuma pini hiyo, la sivyo apecha itabaki wazi f/2 hata ukizungusha pete namna gani. Kwa Canon FD, adapta yenyewe ina pete ya kufunga na kufungua. Iweke upande wa kufunga kwanza, ndipo pete ya apecha ianze kutii.

Hatua ya 5: Mpangilio wa kamera

Umefunga lenzi, unabonyeza, shata inagoma. Hilo ndilo swali la kwanza la kila mtu. Kamera inaona hakuna lenzi, kwa hiyo inajilinda. Ingia kwenye menyu na uiruhusu ipige bila lenzi: kwenye Sony utakuta "Release w/o Lens", Fujifilm "Shoot Without Lens", Canon za RF "Release shutter w/o lens". Ukishawasha, haikusumbui tena.

Kama kamera yako ina kizuia mtikisiko ndani ya sensa, iandikie urefu wa lenzi kwa mkono. Andika urefu halisi ulioandikwa kwenye lenzi, 58 kwa 58, hata kama sensa yako ni ya APS-C. Hesabu ya kukatwa kwa kingo haihusiki hapa. Nikon Z wana orodha ya kuhifadhi lenzi kadhaa, na ukibadilisha lenzi ubadilishe na namba. Kuacha 135 wakati umefunga 28 kunafanya sensa irekebishe kupita kiasi, na picha inatikisika kuliko ungezima kabisa.

Rekebisha pia kile kigurudumu kidogo kando ya kitundu cha kutazamia mpaka maandishi ya ndani yasomeke vizuri kwa jicho lako. Wenye miwani wanalipuuza hili, halafu wanalaumu lenzi.

Washa Peaking, ile inayopaka rangi kwenye kingo za vitu vilivyo kwenye fokasi. Chagua nyekundu na kiwango cha chini. Na kitufe kimoja kilicho karibu na kidole kikabidhi kazi ya kukuza picha. Utakibonyeza kuliko kitufe kingine chochote baada ya shata.

Hatua ya 6: Mwanga

Weka kamera kwenye A, au Av kwa Canon. Wewe unazungusha apecha kwenye lenzi, kamera inapima mwanga unaoingia na kuchagua kasi ya shata. Skrini itakuonyesha apecha kama 0 au F--, ni sawa. Ukitumia ISO ya oto, weka kasi ya chini kabisa isiyopungua 1/125 kwa 50, na 1/250 kwa 135 au kwa watu wanaotembea, kwa sababu kamera isiyojua urefu wa lenzi inaweza kushuka hadi 1/60 na kukuletea picha zilizofutika.

Helios 44-2 ina pete mbili za apecha na inachanganya. Moja ina namba na inagonga kila stopu: hiyo ni ya kuweka kikomo. Nyingine inazunguka laini kati ya f/2 na kikomo ulichoweka. Weka kikomo f/5.6, fungua pete laini hadi mwisho, fokasi picha ikiwa angavu, kisha funga pete laini hadi igote, piga. Hukuhitaji hata kutoa jicho. Au weka kikomo f/16 na utumie ile laini peke yake. Wapiga video wanaipenda hivyo, mwanga unabadilika bila kugonga.

Wenye Nikon ndogo zisizopima mwanga watumie M na kanuni ya jua: jua kali la mchana lisilo na wingu, apecha f/16, na kasi ya shata sawa na ISO. ISO 100, 1/125. Ukitaka f/8, ni 1/500. Piga moja, tazama histogramu (grafu ya mwanga wa picha), rekebisha.

Hatua ya 7: Kuvuta fokasi

Kwanza jua unachoshindana nacho. Kwa milimita 58 kwenye f/2, sensa ya fremu nzima, mtu akiwa mita moja na nusu mbele yako, eneo lililo kali lina kina cha sentimita nane hivi. Ukimsogelea hadi sentimita 70, kinashuka chini ya sentimita mbili: jicho liko kali, sikio limeyeyuka, na ukipumua umeshatoka. Ukifunga hadi f/5.6 kwa mita moja na nusu, unapata sentimita kama ishirini na mbili, kichwa kizima. Kwa hiyo siku za kwanza fanya kazi kwenye f/4 na f/5.6. Kwenye f/2 Helios si kali sana hata ukiifokasi sawasawa.

Kwa mtu aliyekaa, utaratibu ni huu. Weka kisanduku cha kukuza juu ya jicho lililo karibu nawe. Zungusha pete mpaka kope zionekane, endelea kidogo mpaka zianze kufifia upande wa pili, kisha rudi. Jicho lako linatambua kilele pale tu linapokipita. Ondoa ukuzaji, panga fremu, bonyeza, na upige tatu mfululizo, maana mtu aliyekaa naye anayumba. Kwa fokasi ya karibu sana usihangaike na pete: iache ilipo na uyumbishe mwili wako mbele na nyuma kwa sentimita chache mpaka kope zikae.

Ile rangi ya Peaking inadanganya. Inapaka kila ukingo wenye utofauti mkubwa, kwa hiyo kanga yenye nakshi nyeusi na nyeupe itang'aa nyekundu hata ikiwa nyuma kidogo ya fokasi, na uso laini usio na mikunjo hautapakwa kabisa. Ichukue kama kiashiria cha kufika jirani, halafu ukuzaji ndio umalize.

Mwenye DSLR atumie skrini. Kitundu cha kutazamia cha DSLR za leo kilitengenezwa kiwe angavu kwa lenzi za oto na hakionyeshi kwa ukweli kina cha fokasi cha apecha kubwa. Picha inaonekana kali machoni, kwenye kompyuta imepita.

Mtaani ni habari nyingine, huko hakuna muda wa kukuza chochote. Lenzi za zamani zina kitu ambacho nyingi za leo zimekosa: mizani ya umbali yenye mistari ya apecha pande zote mbili. Chukua 28, weka f/8, na upeleke pete kwenye mita 3.3 hivi. Kwenye fremu nzima, kila kitu kuanzia mita 1.7 hadi upeo wa macho ni kali ya kutosha. Unatembea Kariakoo au Marikiti, unanyanyua kamera, unabonyeza, hakuna oto itakayokushinda kwa haraka. Mistari hiyo ilipigiwa hesabu ya filamu ya milimita 35, kwa hiyo mwenye APS-C asome mistari ya stopu moja chini: akipiga kwa f/8, aamini mistari ya f/5.6.

Bodaboda inayokuja? Fokasi shimo la barabarani itakapopita, acha pete, subiri, bonyeza tairi la mbele likikaribia kulikanyaga.

Hatua ya 8: Tabia za lenzi na namna ya kuzitumia

Utando wa rangi kwenye vioo vya zamani ni mwembamba, na Helios 44-2 nyingi zina safu moja tu. Jua likiingia kwa ubavu, picha inapauka. Nunua kofia ya mpira ya milimita 49, au kinga kwa kiganja. Kama unautaka huo mng'ao kwa ajili ya picha za jioni, sogeza kichwa kidogokidogo huku ukitazama skrini, utauona unabadilika.

Ule mzunguko wa usuli unaosifiwa kwa Helios, ambapo vitu vya nyuma vinaonekana kama vinazunguka, hautokei popote tu. Mtu awe mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwako, apecha f/2, na nyuma yake kwa mita kadhaa kuwe na majani yenye matundu ya mwanga: mwembe, mwarobaini, ua la michongoma. Mzunguko uko kwenye kingo za picha, kwa hiyo mwenye APS-C ataupata nusunusu na mwenye Micro Four Thirds ataukosa karibu wote. Mbele ya ukuta mtupu hakuna atakayeuona.

Ukipiga RAW (faili ghafi la kamera), ongeza utofauti kidogo na ushushe weusi, picha itasimama. Apecha uliyotumia haitaandikwa popote kwenye faili. Ukiihitaji, iandike kwenye simu.

Hatua ya 9: Kuitunza isioze

Itoe kwenye ule mkoba wa ngozi iliyokuja nao. Ngozi inashika unyevu na ndiyo nyumba ya fangasi. Tafuta boksi la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, weka silika geli ya kutosha ile inayobadilika rangi, na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Vile vipakiti vya kwenye boksi la viatu vimeshashiba maji zamani. Silika ikibadilika rangi, ikaushe au ibadilishe.

Lenzi yenye fangasi isikae boksi moja na nzima. Na lenzi inayotumika inaoza polepole kuliko iliyofichwa, kwa hiyo kila baada ya wiki chache itoe, zungusha pete zote mbili hadi mwisho, iache dirishani asubuhi moja.

Vumbi liondoe kwa pampu ya mpira, usipulize kwa mdomo, mate ni unyevu. Alama za vidole tumia kitambaa cha miwani kilicho safi na tone la maji ya kusafishia lenzi, ukianzia katikati kwa kuzunguka kwenda nje. Ukirudi kutoka ufukweni, futa chuma cha nje kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kisha kikavu kabla ya kuifungia ndani, hasa kwenye nyuzi za filta na pete ya apecha, maana chumvi inakaa humo na siku nyingine utakuta filta haifunguki.